Nilipomaliza Mawe ya Redio ya Kijiji

Wiki iliyopita mjukuu wangu alipasua betri kwa jiwe nyuma ya jiko. Nilitoka kumkemea, lakini harufu ya ule unga mweusi ilinifikia kabla sijafungua mdomo, nikasimama. Ni harufu ya chumvi na kutu na mkaa uliolowa. Ninyi mliosoma shule zetu za wakati ule mnaijua. Tulikuwa tukipasua mawe ya redio yaliyokufa, tukautwanga ule unga pamoja na majani ya viazi, tukaupaka ubao wa darasa mpaka ukawa mweusi ti, na vidole vyetu vikabaki vyeusi hadi Jumapili mbele ya padri. Betri tuliziita mawe. Mtu alisema, "Redio imeishiwa mawe," na hakuna aliyecheka.

Mtoto alinitazama akingoja kofi. Nikamwambia akanawe mikono. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Bibi Domitila, na yule bibi huwezi kumkumbuka ukiwa umesimama.

Tuliishi katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Rulenge. Naita kijiji, ingawa tulipohamia palikuwa pori la miiba na vichuguu, na kila nyumba ilipewa namba kabla haijapata paa. Watu walitolewa vilimani walikokuwa wametawanyika, kila mmoja na migomba yake, wakapangwa katika mistari miwili kama wanafunzi. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu katika mstari wa juu. Ya nne ilikuwa ya Bibi Domitila, mjane, aliyekuja na kuku watano, jiwe la kusagia na binti mmoja, Velediana. Velediana hakukaa sana. Aliolewa Lusahunga, kwenye njia panda ya magari makubwa, na kijana wa Kisukuma aitwaye Masanja aliyekuwa akiziba matairi. Bibi akabaki peke yake. Mama alinipa kazi ya kumchotea maji kila jioni, naye Bibi alinipa kiazi kilichochomwa kwenye majivu, akikipuliza kwanza yeye mwenyewe ili kisiniunguze.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo redio ya kijiji ilikaa kwetu. Ilikuwa redio ya kasha la mbao, kitambaa cha spika kimepauka, waya wa antena umefungwa kwenye boriti ya paa. Kila jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, baba aliitoa nje akaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, na watu wakakaa chini kuizunguka. Walisikiliza habari kwa adabu. Lakini walichokuwa wamekifuata ni matangazo ya vifo. Nyakati hizo, ndugu yako akifariki mbali, matangazo yale ndiyo yaliyokuwa barua, simu na mjumbe. Jina la kijiji likisomwa, unafunga mzigo usiku uleule. Yalipoanza, hata wenye kifua walijibana wasikohoe.

Mtu wa tatu ninayepaswa kumtaja ni Mwalimu Pontian. Alitoka upande wa ziwa, Mhaya mrefu mwenye sauti ya chini, na alipanga chumba cha uani kwetu. Alitufundisha darasa la nne. Alikuwa na kitabu alichopewa na bruda mmoja wa misheni, pembe zake zimeliwa na mchwa, kilichokuwa na picha za anga. Alikitunza ndani ya mfuko wa unga ili vumbi lisikiingie.

Siku moja ya kiangazi nilimwuliza nyota zinatoka wapi. Niliuliza kwa utundu tu, ili somo la hesabu lichelewe. Yeye akaweka chaki chini. Akachukua kifutio, akakigonga dirishani pale mwanga wa jua ulipokuwa unaingia, na vumbi jeupe likajaa ndani ya ule mwanga, likielea.

"Mnaona hii?" akasema. "Kati ya nyota na nyota watu hudhani ni patupu. Si patupu. Kuna gesi na vumbi, jembamba kuliko hili. Mahali pengine limetawanyika, mahali pengine limekusanyika, likawa wingu. Si wingu la mvua. Wingu hilo ni kubwa kiasi kwamba mwanga, pamoja na mbio zake zote, unalivuka kwa miaka na miaka. Na lina baridi ambayo hapa duniani hatuna. Kwa sababu ya baridi hiyo, chembe za gesi hutulia, zikashikana mbilimbili. Zikishikana hivyo tunaziita molekuli."

"Sasa nyota iko wapi, Mwalimu?"

"Subiri. Kila chembe inaivuta nyingine. Inaivuta kidogo sana, lakini haichoki. Mwisho sehemu moja ya wingu inaanza kujibana yenyewe kwa uzito wake. Inajibana, inajibana. Na kitu kikijibana kinapata joto, kama pampu ya baiskeli ukijaza upepo. Joto linazidi, linazidi, mpaka siku moja katikati panawaka. Hiyo ndiyo nyota. Hata jua lilizaliwa hivyo."

"Nani aliona likizaliwa?"

"Hakuna. Nyota ikizaliwa, lile wingu linaificha. Ni giza mle ndani, jicho haliingii. Wataalamu wanalisikiliza wingu kwa redio."

Kwa redio. Nakumbuka niligeuka nikawatazama wenzangu, nikaona hakuna aliyeshtuka ila mimi. Redio ilikuwa nyumbani kwetu.

Jioni ile, kabla watu hawajaja kusikiliza habari, mwalimu alinionyesha upande wa kusini. Kule zilikuwepo nyota nne za Msalaba, zimesimama wima juu ya kilima, na ubavuni mwa Msalaba, katikati ya ule ukanda mweupe wa nyota, palikuwa na doa jeusi kama mahali ambapo kitambaa kimeungua. "Watu hudhani ni tundu," alisema. "Ni wingu lenyewe. Limezikinga nyota zilizo nyuma yake." Bibi Domitila, aliyekuwa amewahi mapema ili apate mahali karibu na redio, aliinua uso akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mungu naye ana mahali pake pa giza." Mwalimu hakumbishia.

Mvua za vuli zilipoanza, nduli wa Uganda alivuka mpaka na vita vikaanza. Hilo mnalikumbuka wote, sina haja ya kulisimulia. Malori yakachukuliwa, sukari na sabuni zikapotea, tukaambiwa tusiwashe moto nje. Mgambo wakaitwa. Mwalimu Pontian alikuwa amepita mafunzo ya mgambo, akaitwa pamoja nao. Aliondoka asubuhi moja na kijimfuko, akampa baba kile kitabu amtunzie. Mimi aliniambia, "Usiache kuuliza."

Mama alikuwa akifagia chumba cha mwalimu baada ya hapo. Nikamwuliza alikokwenda mwalimu hasa. Mama alijibu bila kuinua kichwa, "Amekwenda gizani, mwanangu. Huko hata barua haitoki."

Alisema hivyo kwa uchungu tu, kama watu wazima wanavyosema. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, na neno giza nilikuwa nimefundishwa maana yake. Jioni ile nilipotoka nje nikatazama kusini, Msalaba haukuwepo. Sikujua kwamba nyota hupokezana majira, na kwamba msimu ule Msalaba huchomoza alfajiri. Niliona tu kwamba siku mwalimu alipoondoka, Msalaba na lile wingu lake vimeondoka naye. Basi nikajua alipo. Na kama alikuwa ndani ya wingu, macho hayangemfikia, ila redio ingeweza.

Nilianza kesho yake. Saa nane mchana nilikuwa natoka shule, na baba na mama walikuwa bado kwenye shamba la kijiji la bega kwa bega. Nilipanda juu ya kigoda, nikaigeuza redio ielekee kusini, nikawasha, nikausogeza mshale taratibu kutoka mahali ambapo baba aliuacha. Sauti za watu zilipita, Kiswahili, Kirundi, lugha nyingine nisizozijua. Nilizipita zote. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa katikati yao, pale ambapo hapakuwa na mtu. Mvumo. Ulikuwa kama mvua inayonyesha kwenye kilima cha pili. Nikiweka sikio kwenye kitambaa cha spika niliweza kusikia ndani yake kitu kikipanda na kushuka, kama mtu anayehema usingizini. Nilikuwa na hakika ni yeye. Wakati mwingine nilimsalimia kwa sauti ndogo, "Shikamoo Mwalimu," kisha nikangoja. Kabla baba hajarudi nilirudisha mshale pale pale, kwenye alama ya ukucha niliyoikwaruza.

Baada ya majuma machache sauti ya msomaji habari ilianza kuwa nyembamba. Baba aliyatoa mawe akayaanika juani juu ya ungo, kama tulivyofanya wote, yakapata nguvu kidogo, yakaisha tena. Wakati wa vita mawe yalikuwa adimu kuliko nyama. Aliyekuwa nayo ni Mzee Shabani, mwuzaji wa duka la kijiji, Mwislamu wa pekee kwetu, aliyekuja kutoka Biharamulo kwa sababu alijua kusoma na kuandika vizuri. Alikuwa na mawe manne ya mwisho ndani ya kasha. Kamati ikaamua apewe baba, kwa ajili ya redio ya kijiji.

"Balozi," Mzee Shabani alimwambia akimkabidhi kwa mikono miwili, "haya ni ya habari tu. Mengine sijui yatakuja lini."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama karibu na mzani. Nilikaa siku mbili bila kuigusa redio, na siku ya tatu nikaona namwacha mwalimu peke yake kwenye baridi, nikapanda kigoda.

Halafu ikaja siku ile ya mvua. Nilikuwa nimeweka kichwa juu ya kasha, mvumo wa redio na mvua ya paani vikachanganyika, usingizi ukanichukua. Nilipoamka, mvua bado ilikuwa inanyesha, lakini redio ilikuwa kimya. Nikageuza kitufe huku na huku. Nikarudisha mshale mahali pake, nikashuka, nikaenda kuchota maji ya Bibi Domitila.

Jioni watu walikaa ndani kwetu, wamebanana, kwa kuwa nje palikuwa na tope. Baba akawasha. Hakuna kitu. Akagonga kasha kwa kiganja. Akayatoa mawe, akayapasha joto kwenye majivu, akayarudisha. Kitambaa cha spika kilitoa mlio mdogo kama wa mbu, kikanyamaza.

"Labda kesho kutakuwa na jua," Bibi Domitila akasema, akajifunga khanga yake, akaondoka.

Kesho yake hakukuwa na jua, wala kesho kutwa. Mvua ilinyesha siku nne. Redio nyingine ya karibu ilikuwa misheni, na kwa mvua ile hakuna aliyekwenda.

Siku ya tano alikuja mtu na baiskeli, tope limemfika kifuani. Alikuwa kaka yake Masanja, kutoka Lusahunga. Baba alimkaribisha, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni kwa Bibi Domitila na kofia mkononi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Mbona umelowa hivyo?"

"Mama, tulitangaza redioni. Jioni mbili, tulitangaza. Jina lako lilisomwa na kijiji kilisomwa. Mlikuwa wapi?"

Bibi alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Aliuweka chini polepole, lisimwagike hata moja. "Ledio imekufa," akasema. Alikuwa akiitamka hivyo siku zote. "Ni Velediana?"

Yule mtu akaitikia kwa kichwa. Velediana alifariki wakati wa kujifungua. Walikuwa wamemweka siku nzima ya pili wakimngoja mama yake, wakijua atasikia, wakijua lori la misheni huenda Biharamulo siku hiyo na hupita Lusahunga. Lori lilipita. Wakasimama barabarani wote, Masanja akiwa mbele, wakatazama kila aliyeshuka. Jioni wakazika.

Nilidhani Bibi atapiga yowe. Wanawake wa mstari wote walikuwa wameshaanza. Yeye alipangusa mikono yake kwenye khanga, kisha akauliza, "Walimvika nini?"

"Gauni la bluu, mama. Lile la harusi ya kanisani."

"La mikono mirefu?"

"La mikono mirefu."

"Vizuri," akasema, na hapo ndipo alipoanguka.

Siku chache baadaye kulikuwa na mkutano. Kijiji kilichokuwa na uchungu kilihitaji mtu. Baba yangu ndiye aliyesimama, na nasema hili kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema baadaye bila kuficha. Alisema mawe mapya hayawezi kufa kwa siku tisa, kwamba yaliyouzwa yalikuwa yamechoka, na kwamba mazima yamefichwa kwa ajili ya walanguzi. Mzee Shabani aliinuka na kofia yake nyeupe mkononi.

"Wallahi," akasema, "niliyapokea kwenye kasha lililofungwa, nikayatoa kwenye kasha lililofungwa. Sina jingine."

Watu waliguna. Mmoja akasema mtu wa kuja ni wa kuja tu. Kamati ikamnyang'anya funguo za duka mbele ya wanawe. Alizifungua kiunoni, akaziweka juu ya meza moja moja, akaondoka akipita karibu nami. Nilikuwa nimeshika khanga ya mama. Nilijua, na mdomo wangu ulikuwa umejaa, na sikusema.

Sitawaeleza miezi ile. Niliendelea kumchotea Bibi maji. Aliendelea kunipa kiazi, akikipuliza, na mimi nilikipeleka nyuma ya nyumba nikampa mbuzi. Sikuigusa redio tena. Darasani sikuuliza tena swali lolote.

Kiangazi kilipoingia mgambo walianza kurudi, na Mwalimu Pontian akarudi. Kijiji kilimpokea kwa ngoma na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alikuwa amekonda, na alikuwa akishtuka mtu akifunga mlango kwa nguvu. Mimi nilimtazama kwa hofu. Nilitarajia, sijui, kwamba atakuwa na mwanga. Alikuwa na kidonda mguuni na mswaki mfukoni.

Baada ya juma moja alinikuta nimekaa karibu na chumba chake. "Wameniambia huulizi tena," akasema.

"Mwalimu, kule ndani ya wingu kulikuwa na baridi?"

"Wingu gani?"

Nikamweleza. Yote yalitoka kwa pamoja, Msalaba, giza, kigoda, mvumo, usingizi, Velediana, funguo za Mzee Shabani. Alinisikiliza akiwa amejishika kichwa.

"Mimi nilikuwa Uganda," akasema mwisho. "Kulikuwa na mvua na matope. Watu walikufa. Hawakuwa nyota, walikufa." Akaunyosha mguu wenye kidonda. "Na redio ya baba yako haiwezi kulisikia wingu lile. Za wataalamu zina masikio ya chuma makubwa kama kanisa. Ulichokuwa unasikia ni radi za mbali, na redio yenyewe inavyonung'unika. Labda chembe ndogo ya mvumo inatoka huko juu kwenye nyota. Chembe ndogo sana."

"Basi nilimaliza mawe bure."

"Hilo si la kuniambia mimi," akasema, akainuka kwa shida, akanishika mkono mpaka kwa baba.

Nimekuwa mwalimu mwenyewe miaka mingi, na nimesoma zaidi kuhusu mawingu yale kuliko kitabu cha bruda kilivyojua. Ni kweli alichotufundisha. Gesi yenyewe, ile nyingi, karibu haina sauti hata kwa masikio makubwa. Wataalamu huitambua kwa hewa nyingine iliyochanganyika nayo kwa uchache, inayotoa mawimbi hafifu ya redio, na ni kwa hiyo wanajua wingu liko wapi, zito kiasi gani, linajibana wapi. Wanajifunza kikubwa kilicho kimya kwa kusikiliza kidogo kilicho pembeni yake. Wanafunzi wangu walipenda somo hilo. Sikuwahi kuwaambia kwa nini nilikuwa nikilifundisha nimeketi.

Baba hakunipiga. Alikaa mlangoni mpaka jua likazama, kisha akavaa koti lake la mikutano, akatembea hadi kwa Mzee Shabani. Kesho yake aliita nyumba zake kumi, na kamati ikaja, akasimama akasema, "Mawe yalikuwa mazima. Yalimalizwa nyumbani kwangu. Niliyemshtaki hana kosa, mwenye kosa ni mimi niliyesema nisichokijua." Kamati ikamrudishia Mzee Shabani funguo. Alizitazama pale mezani. "Nimesikia, Balozi," akasema. "Nimekusamehe. Lakini hizo mpeni mwingine." Hakuuza duka tena. Alilima mihogo mpaka alipohama, na mimi sikuwahi kupita mbele ya nyumba yake bila kuinamisha kichwa.

Kwa Bibi Domitila nilikwenda peke yangu. Baba alitaka kunisindikiza, mama akasema, "Mwache." Bibi alikuwa akipepeta mtama. Nilipiga magoti nikamweleza. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliuliza, "Ulisikia nini humo?"

"Mvumo, Bibi. Kama mvua ya mbali."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Alipepeta muda mrefu. Malori ya kawaida yalikuwa yameanza kurudi barabarani, na la misheni lilikuwa linakwenda Biharamulo Jumamosi. Mpaka siku ile Bibi alikuwa hajathubutu kulifikia kaburi. Akasema, "Jumamosi utakwenda nami. Mimi umeniambia. Na yeye ukamwambie mwenyewe."

Safari ile sikuona kitu. Nilikaa juu ya magunia, na Bibi aliketi mbele yangu na kikapu chake, mgongo umenyooka. Tulishuka Lusahunga katikati ya vumbi la malori. Masanja alitoka chini ya gari na mikono ya grisi, akamwona mama mkwe wake, akageuza uso, kwa adabu na kwa machozi pia. Alituongoza nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba la mihogo. Lilikuwa tuta tu, udongo umeshashuka katikati, na mawe madogo meupe yamepangwa kulizunguka.

Bibi alikaa chini kando ya kaburi kama mtu anavyokaa kando ya mgonjwa. Alilisafisha kwa kiganja. Alizungumza nalo kwa Kihangaza, taratibu, mambo ya nyumbani, kuku aliyetaga, nani ameoa. Halafu akanitazama.

"Sema."

Nilisimama. Sikujua mtu huanza vipi. Nikaanza kama nilivyofundishwa kuanza na mkubwa yeyote. "Shikamoo, dada Velediana."

Nilingoja. Nilijua hatajibu, lakini nilingoja, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Upepo ulikuwa unapita kwenye mihogo. Katika ukimya ule nilielewa, kwa mara ya kwanza na kwa mwili wangu wote, kwamba mtu aliyekwenda hayuko mahali popote ambapo sikio linaweza kumfikia, na kwamba bado anastahili kuambiwa ukweli.

"Mimi ndiye niliyemzuia mama yako asije," nikasema. "Nilikuwa nasikiliza redio. Nisamehe."

Bibi alifunika uso kwa khanga. Masanja alitazama barabara. Tulikaa hivyo mpaka mama yake Masanja alipokuja kutoka jikoni akiwa amembeba mtoto. Sikujua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtoto alibaki. Alikuwa wa kike, wa miezi kadhaa, kichwa kikubwa na shingo nyembamba, amelelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Walimwita Kabula, kama Wasukuma wamwitavyo mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua.

Wakubwa walizungumza ndani hadi lori liliporudi. Sikusikia walichokubaliana, isipokuwa neno la mama yake Masanja mlangoni: "Mchukue mpaka ajue kutembea. Hapa barabarani vumbi litamwua." Bibi alitoka naye. Alifika mahali nilipokuwa nimesimama, akaniangalia toka juu mpaka chini, kana kwamba ananipima, kisha akanikabidhi mtoto. Mikono yake ilikuwa na kikapu, lakini kikapu angeweza kunipa mimi.

Tulipanda. Tukapita pori lote lile. Jua lilikuwa linashuka upande wa Rwanda, na mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, mzito, moto, akihema kwa kinywa wazi. Nililia bila sauti ili nisimwamshe. Tulipoanza kuona migomba ya kwanza, lori liliyumba, na Bibi Domitila akanyoosha mkono kutoka kwenye magunia yake, akaupitisha nyuma ya shingo ya mtoto, akauchukua mkono wangu akauweka hapo.

"Mshike hapa, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kihangaza. "Huku mbele kuna mashimo."

Nikamshika hapo mpaka Rulenge.